Maharage Kwenye Makopo

Majani mapya ya matango yalianza kujikunja muda mfupi baada ya kuihamishia miche kwenye bustani niliyoirutubisha kwa samadi, nyuma ya jiko la mama, huku Old Moshi. Kingo zilipanda juu kama kiganja kinachokinga maji, na mishipa ilikuwa imesogeleana. Lakini majani mawili ya mwanzo, yale ya mviringo yanayotoka na mbegu, yalikuwa mazima kabisa. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kulikuwa na kitu kinapanda kutoka ardhini, na kilikuwa bado hakijamaliza.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada bila kazi, kwa hiyo muda wa kuogopa nilikuwa nao. Niligeuza kila jani nikitafuta utitiri, vidukari, inzi weupe. Sikuona kitu. Nilipunguza maji, nikahisi nimepunguza mno, nikaongeza. Mama alinyunyiza majivu, dawa yake ya kila kitu. Baba mdogo, ambaye kihamba chake, shamba lake la urithi, kimepakana na chetu, alinikuta nimepiga magoti na tochi ya simu mchana kweupe.

"Msomi," akasema, "ukimaliza na wagonjwa hao, njoo umpime presha na ng'ombe wangu."

Nilicheka, lakini huyo ng'ombe hakunitoka kichwani.

Ng'ombe wetu hatoki bandani. Huku mlimani hakuna pa kuchungia. Chakula chake hupandishwa kutoka mashamba ya mahindi ya tambarare. Msimu ule majani yalikuwa haba, tukachukua mzigo wa mtu tusiyemfahamu. Zilikuwa nyasi safi, hazina gugu hata moja. Mama alizisifu. Sasa nikaanza kujiuliza magugu yalikwenda wapi. Nilishasoma kwamba zipo dawa zinazoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, kisha zinapita tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru na kubaki kwenye samadi. Tango lina jani pana. Kahawa pia.

Na lundo lote la samadi lilikuwa linasubiri miche ya kahawa, ambayo mama aliipanda baada ya kung'oa mibuni ya babu. Alitaka kuiwekea kabla ya masika.

Nikamwomba asubiri kidogo. Nikajaza makopo, mengine udongo mtupu, mengine udongo na samadi, nikapanda maharage. Mama hakubisha. Alisema tu, kwa upole, kwamba mimi huogopa kila kitu; mwaka jana nilikuwa naogopa maji ya mfereji, kabla ya hapo nilikuwa naogopa dari. Ilikuwa kweli. Nilitamani sana niwe nimekosea tena.

Maharage ya udongo mtupu yalikunjua majani bapa, ya kawaida. Yale ya samadi yalitoka yamejisokota kama ngumi ya mtoto.

Nilikimbia na kopo mkononi. Mama alikuwa kwenye mstari wa juu wa kahawa, ameinamia karai, na samadi ilikuwa imeshazunguka shina baada ya shina. Alilichukua kopo, akagusa jani moja lililojisokota.

"Nilidhani ni wasiwasi wako tu," akasema.

Mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote; mvua ikinyesha, ingeishusha dawa hadi mizizini. Tulipiga magoti tukaanza kukwangua kwa mikono, yeye upande wake, mimi wangu. Hatukuwa tumefika katikati ya mstari matone ya kwanza yalipoanza kugonga majani ya migomba.