Theluji ya Mama Huko Maskati

Mlima wetu wa Maskati ulikuwa ndani ya jumba la maduka. Ulikuwa na mteremko mmoja wa kuteleza, mkanda wa kuwapandisha watu juu, na chumba cha makoti yaliyonuka jasho la wageni. Wanasema ulipofunguliwa, familia za mitaa ya Ghubra na Matrah zilipanga foleni mpaka kwenye maegesho. Nilipoajiriwa mimi, wateja walikuwa wa kuhesabika na dari lilivuja. Kazi yangu ilikuwa kusawazisha theluji kwa reki kabla ya milango kufunguliwa, nimevaa glavu mbilimbili huku nje jua likiunguza.

Kwetu ni chini ya Mlima Kenya. Mama ni mtu wa kanisa, tena mkali, lakini haombi bila kuuelekea mlima, kama alivyofunzwa na mama yake. Miaka hii weupe wa kileleni umepungua, na asubuhi nyingi anaona mwamba mtupu. Hilo lilimkata maini.

"Naongea na mtu aliyenipa kisogo," aliniambia kwenye simu. Kisha akauliza kama theluji ya kazini kwangu ni ya kweli.

"Ni ya mashine, Mama."

"Ni baridi?"

"Baridi kabisa."

"Basi nionyeshe."

Tangu hapo, kila asubuhi nilimpigia kwa video, nikaegemeza simu kwenye ndoo, ikitazama mteremko, nikaendelea na reki yangu nyuma ya simu. Mama alisimama uani kwake, simu yake juu ya kiti, akaombea mvua, ng'ombe, majirani, na mwisho mimi. Wenzangu walicheka, nami nikawanunia. Sauti ile ndiyo iliyonifikisha jioni.

Mwezi uliopita meneja alitangaza kwamba ukumbi unafungwa. Siku ya mwisho tuliamriwa kuizoa theluji kwa koleo na kuimwaga nyuma ya jengo. Ilikuwa maji kabla hatujarudi na toroli la pili. Nililia, wala si kwa ajili ya kazi tu. Nilijiuliza Mama ataelekea wapi.

Simu ikalia. Nikamwonyesha yote, saruji ikianza kutokeza.

"Geuza simu," akasema.

"Huku hakuna theluji, Mama. Niko mimi tu."

"Geuza, nimesema."

Nikaigeuza. Muda wote ule wa maombi hakuwa ameniona uso.

"Kumbe umekonda hivi," akasema. Akakaza kitambaa chake kichwani, akainua mikono, akaanza kuomba. Siku hiyo alianza na mimi.