Vijiti Vitatu vya Shimo la Saba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningeiokoa kwa kulowesha viatu tu, nami sikuvilowesha. Nimepita miaka sitini sasa, magoti yananilalamikia hata kwenye ngazi tatu za kanisa, lakini asubuhi ile haijazeeka hata kidogo. Keti. Kama una haraka, nenda zako urudi siku nyingine, maana habari hii haifai kusikilizwa nusu.

Nilikuwa kedi, mbeba mfuko wa fimbo za gofu. Najua unacheka. Nyinyi vijana wa Nyalenda mnaona gofu ni mchezo wa wenye vitambi, watu wanaolipa ili watembee juani. Haya, cheka umalize. Kubeba mfuko hata punda anaweza. Kazi hasa ya kedi ni kusema. Mchezaji anakuuliza aupige mpira wapi, nawe unajibu, naye anauamini ulimi wako kuliko macho yake. Ukisema upepo uko nyuma, anabadilisha fimbo. Ukisema kule mbele ni salama, anaupeleka mpira kule, na watu wanaufuata.

Uwanja wetu ulikuwa kando ya ziwa, pale mji unapoishia na mafunjo yanapoanza. Mashimo sita ya kwanza yalikuwa mapole, hata mtu wa kujifunza angerudi nyumbani na hadithi ya kujisifu. La saba lilikuwa jambo lingine. Lilipinda kama kiwiko. Unaanzia juu kidogo, mbele yako upande wa kushoto kuna nyasi pana hadi kwenye mijakaranda mitatu, kisha unakata kulia, ndipo unafika kwenye grini, yale majani mafupi yenye bendera. Na ndani ya kiwiko hicho, kati yako na bendera, ziwa lilikuwa limeingiza ulimi wake.

Aliyeuchora uwanja ule simjui, lakini watu aliwajua. Hakumzuia mtu kwa ukuta. Alikuonyesha bendera ng'ambo ya maji, karibu kabisa, kisha akanyamaza. Ukiogopa maji kupita kiasi ukapiga kushoto mno, amekuchimbia shimo la mchanga kando ya grini, utatoka humo na macho mekundu. Ukifika kwenye grini kwa pupa, ardhi yenyewe imeinama kuelekea majini, na mpira unateremka taratibu ukikuaga. Mwenye akili alichukua fimbo ya wastani, akaupeleka mpira kwenye mijakaranda, akapiga wa pili uishie kidogo kabla ya bendera ili wa tatu aupige akipanda. Mapigo manne, unaondoka na heshima yako. Lakini mwenda pole hajikwai ni methali ya kuwasomea watoto; mtu mzima akiiona njia ya mkato, masikio yanaziba.

Sasa sikiliza desturi yetu. Ziwa hili halilali mahali lilipolala jana. Upepo wa jioni unasukuma gugumaji hadi ufukweni, linatanda, na asubuhi huwezi kujua nyasi zinaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Viboko nao hupanda usiku kula majani mazuri ya matajiri. Kwa hiyo kila alfajiri kedi mmoja, kwa zamu, alitembea ukingo wote wa shimo la saba na ufito mkononi. Aliichoma ardhi kwa ufito, alitazama nyayo na kinyesi, kisha akavihamisha vijiti vitatu vilivyopakwa rangi nyeupe na kuvisimika pale ardhi ngumu ilipokomea. Vijiti hivyo havipitwi, hata mpira ukiwa wa waziri. Vijiti vilikuwa kiapo chetu.

Siku ninayokwambia zamu ilikuwa yangu. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano, nami nilimbebea daktari mmoja wa meno, mtu mkarimu, aliyeninunulia viatu vyeupe ili tupendeze pamoja mbele ya watu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikafika alfajiri, nikautazama umande, nikaitazama ile njia ya matope kuelekea ukingoni, nikavitazama viatu vyangu. Nikasimama juu, pale pa kuanzia, nikatupa macho. Niliviona vijiti vyote vitatu vimesimama katikati ya kijani. Nikasema moyoni, yatosha.

Rajabu akanikuta kibandani tunapokaa makedi. Rajabu alikuwa rafiki yangu, mtoto wa Kaloleni, tulianza kazi wiki moja. Alikuwa na macho ya mwewe, ndiyo maana siku za mashindano alipewa kazi ya kusimama mbele na kuona mpira unaangukia wapi.

"Omera, umetembea saba?" akaniuliza, akiniita ndugu kwa Kijaluo.

"Nimetembea."

"Iko aje?"

"Iko sawa."

Hakuangalia viatu vyangu. Angeviangalia angejua. Lakini rafiki haangalii viatu vyako ukishampa neno, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Tulipofika shimo la saba, Daktari alikuwa nyuma ya mpinzani wake kwa pigo moja. Akasimama akiitazama bendera ng'ambo ya maji, akanigeukia.

"Owiti, tuzunguke ama tukate?"

Nilijua jibu. Mzee Nyandiga, mkubwa wa makedi wote, alinifundisha jibu hilo tangu mwezi wangu wa kwanza. Lakini watu walikuwa wanatutazama, viatu vilikuwa vinang'aa, na upepo wa asubuhi ulikuwa mgongoni mwetu. Nikatamani niitwe kedi aliyeshinda.

"Kata, Daktari. Upepo iko nyuma. Ikipungua kidogo itaanguka kwa nyasi, kule ni kukavu."

Akapiga. Mpira uliruka vizuri, kisha ukachoka mapema, ukaanguka ng'ambo, karibu na vijiti. Rajabu akainua mkono kuonyesha ameuona, akateremka.

Nataka ulisikie hili vizuri, mwanangu: hakuvipita vijiti. Alisimama hatua mbili upande wa nchi kavu, pale ambapo jana yake palikuwa na ardhi ngumu. Lakini usiku maji yalikuwa yamepanda, na gugumaji limevizunguka vijiti vyangu, limetanda kijani kizuri kama nyasi. Alikanyaga, akazama hadi mapajani. Akacheka kwanza, akidhani ni tope. Kisha kijani kilichokuwa nyuma yake kikainuka, na chini yake alikuwamo kiboko.

Akaita, "Owiti!" Mara moja tu. Nilikimbia, hapo sikukumbuka viatu tena. Tulipiga kelele, tulirusha fimbo, yule mnyama akazama akaenda zake. Tulimtoa Rajabu, tukambeba, Daktari naye akivua shati lake kumfunga kiuno pale meno yalipopita. Hakufika hospitali akiwa hai.

Jioni ile Mzee Nyandiga aliniita ukingoni. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu ujana, alikuja akiegemea fimbo kuukuu ya gofu. Akavionyesha vijiti, maji yakiwa yamevipita kwa hatua nyingi.

"Hii miti iko ndani ya maji. Nani aliisimamisha hapa leo?"

Nikainama kuvitazama viatu vyangu.

"Ungeniambia hukutembea, Owiti. Ningeenda mimi, na hii mguu yangu mbaya. Ningeenda."

"Jaduong', mzee wangu, nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Mimi nimezaa Rajabu?" Akaichomeka fimbo yake topeni. "Watu wameanza kusema kijana alipita vijiti. Wewe unajua hakupita. Umemuua na miguu yako. Usimuue tena na mdomo. Enda kwa mama yake useme. Siku utasema, utabeba mfuko tena hapa. Kabla ya hiyo siku, utatembea saba kila asubuhi, na hutabeba."

Nikasema nitakwenda. Kwetu Waluo maiti hulala siku nyingi kabla ya maziko, na nilijidanganya kwamba nitapata wakati wa kujipanga maneno. Nilisahau kwamba Rajabu alikuwa Mwislamu. Kesho yake mchana alikuwa ameshazikwa. Nilisimama msibani Kaloleni na matope ya jana bado kwenye kucha, nikawasikia wanaume wawili wakisema, vijana wa siku hizi hawasikii, wamewekewa alama na bado wanapita. Mama yake alinishika mkono mbele ya wanawake wenzake.

"Owiti, mwanangu, wewe ulikuwapo. Ni kweli alivipita?"

Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Sijui, Mama. Nilikuwa mbali," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakuniambia inavyochosha kuitembea. Kila alfajiri niliutembea ukingo ule, mvua ama jua. Niliichoma ardhi, nikavihamisha vijiti. Makedi wenzangu walidhani ni majonzi. Na kila Ijumaa yule mama aliniita nikale kwake, kwa kuwa, alisema, akinitazama nikila anamwona mwanawe. Alinipakulia pilau na nyama kubwa kuliko zote. Nilikula. Mwanangu, nilikula mpaka nikaongezewa. Alikuwa akiniuliza habari za Rajabu kazini, alivyochekesha watu, nami nikamsimulia, akacheka na kufuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha kila mara mwishoni alisema neno lile lile: "Ila angewasikiliza wakubwa. Angesikia tu." Nami nikatazama sahani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilichonifichua ni kijana mwingine. Mdogo wake Rajabu alitaka kuja kufanya kazi uwanjani, mama akakataa, akamwambia mbele yangu, "Wewe mkaidi kama kaka yako, utakufa kama yeye." Yule kijana akainama. Nikaona jinsi uongo wangu ulivyokuwa umemtoka Rajabu kaburini na sasa unamkalia ndugu yake aliye hai. Ilikuwa Ijumaa, miezi kumi na mmoja tangu maziko. Sahani ilikuwa mbele yangu.

"Mama, Rajabu hakuvipita vijiti," nikasema. Nikamweleza yote. Zamu yangu, umande, neno nililompa, shauri nililompa Daktari.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa ajili ya viatu?"

"Kwa ajili ya viatu, Mama."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Nilidhani atapiga ukemi, ama atanirushia kitu, na ningeshukuru. Badala yake akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayetaka tu kufahamu.

"Na chakula changu ulikuwa unakilaje?"

Akaivuta sahani kutoka mbele yangu, akaifunika. "Nenda," akasema. Nilipokuwa mlangoni nilimsikia akitoka kwa mlango wa uani, akiwaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, akiwaambia: mwanangu hakuvipita, jamani, mwanangu alisikia. Alikuwa akilia na kuwaambia.

Mzee Nyandiga alinirudishia mfuko, nikaubeba miaka mingi. Lakini yule mama hakuniita tena. Tukikutana barabarani alijibu salamu yangu kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni, akapita. Alipofariki nilisimama nje, pamoja na wapita njia.

Basi shauri langu ni hili. Leo nyinyi mna simu zinazowaambia mita ngapi hadi kwenye bendera, na ni vizuri, mimi sina ugomvi na simu. Ila simu haijui gugumaji limelala wapi usiku wa leo. Mahali pa hatari nenda kwa miguu yako, ulowe, kabla hujamwambia mtu mwingine pita. Kama hukwenda, sema hukwenda. Ni aibu ya muda mfupi, na kuna mzee mwenye mguu mbovu atakayeinuka aende badala yako. Ukiulizwa njia, mpe mtu njia ndefu unayoijua, usimpe fupi unayoitamani. Na ukishakosa, maji yakishamwagika, usingoje maneno mazuri. Maneno mazuri hayaji. Kimbia ukaseme yakiwa mabaya hivyo hivyo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la robo saa. Nadhani yule mama angelilia, akanilaani, na siku moja akanisamehe, kwa kuwa hata yeye aliwahi kuwa kijana mwenye viatu vipya. Lile la pili nilikaa nalo mezani kwake miezi kumi na mmoja, na hilo hakuwa na pa kuliweka.

Mungu akupe ulimi usioitangulia miguu yako, mwanangu. Akupe rafiki atakayekuamini bila kukukagua, na akujalie umstahili. Na siku utakapomkosea mtu, maana utakosa, wewe ni binadamu kama sisi, akufikishe mlangoni kwake kabla hajakupakulia.