Handeni kwa Nani?

Mama mkwe wangu hakuamini hata siku moja kwamba mwanamke anaweza kuogelea bwawani, akapanda baiskeli mpaka Handeni, kisha akakimbia huko juani, bila kuwepo mwanaume mahali fulani. Na mimi, niseme ukweli, sikumwamini yeye. Tuliishi hivyo Kilole, wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mume wangu alikuwa Dar es Salaam. Ilikuwa enzi za ruksa, madukani vitu vimerudi, kila mwenye akili anafanya biashara, naye akaacha ukarani akaenda Manzese kuuza mitumba. Mimi akaniacha kwa mama yake, kwani bado hatujajaliwa mtoto, na mke asiye na mtoto haachwi peke yake.

Nilikuwa muuguzi. Pale hospitalini palikuwa na daktari mgeni, mwanamke, aliyeniambia kuwa Moshi kutakuwa na mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, vyote kwa mpigo. Akaniuliza kama najua kuogelea. Mtu wa Pangani mjini unamuuliza hivyo! Nikamwambia nitakwenda. Lakini yale ya Moshi yalikuwa marefu mno, nikaona kwanza nijipime mwenyewe, bila refa wala mpinzani. Mtoni kuna mamba, kwa hiyo ningeogelea bwawa la shamba la mkonge nyuma ya Kwamndolwa. Kutoka hapo baiskeli mpaka Handeni, halafu mbio kutoka stendi hadi nje ya mji na kurudi. Jioni ningepanda basi.

Nilimweleza mama mkwe yote, kituo kwa kituo. Alisikiliza huku anachambua mchele, akauliza neno moja tu.

"Handeni kwa nani?"

"Si kwa mtu, mama. Naenda tu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Katika nyumba ile mtu haendi mahali, anaenda kwa mtu. Ningesema nina mgonjwa Handeni, au msiba, angenikamatia kuku nipeleke. Mwanamke aliyeolewa kwenda mji wa watu na hana anayemwendea, kwake lilikuwa ni jambo lenye jina, na jina hilo lilikuwa chafu.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba hakugomba. Akawa mtamu ghafla. Akaniuliza ni Jumamosi ipi, nitatoka saa ngapi, nitavaa nini. Siku mbili kabla, wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja kutoka Mombo, eti kumsalimia mama. Wakawa wananong'ona kwa Kishambaa jikoni, wakidhani sisikii. Nilikuwa nasikia nusu, tena ile nusu mbaya. Walisema kufumania. Nikaelewa: nikikutwa na mwanaume Handeni, nitarudishwa Pangani na kikao cha wazee juu, na wajomba zangu hawatakuwa na la kusema. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Sasa niache kwenda, ili waseme nimeogopa? Nikasema potelea mbali, naenda.

Bwawani mlinzi alinikagua kama mwizi wa mkonge. Alitaka kujua kama nimetumwa na matajiri wanaotaka kulinunua shamba, napima kina cha maji. Nikamjibu mtu hapimi kina kwa tumbo. Nikaogelea na bukta na fulana, kwenda na kurudi mpaka mikono ikawa mizito, na kila nikiinua kichwa namwona amesimama palepale ananitazama. Nikatoka, nikavaa raba zangu za mtumba, nikapanda baiskeli.

Barabara ya Handeni siku hizo ilikuwa vumbi na mawe. Nilikuwa nimeshavuka daraja, natafuna kilima cha kwanza, basi likanipita. Dirishani kulikuwa na mwanamke amejifunika kanga uso mzima, limebaki jicho. Jicho sikulijua. Kanga niliijua, kwa sababu ilikuwa yangu! Mtu anakwenda kukufumania kajitanda kanga yako. Hasira ile ilinipandisha vilima vyote.

Handeni nilimwachia baiskeli mama ntilie wa pale stendi, nikaanza kukimbia. Nje ya mji nilipishana na wafugaji na ng'ombe wao. Waliponiona walitazama kwanza nyuma yangu, waone ninakimbizwa na nini. Na mimi nilikuwa nageuka kila mara, nikimtafuta wifi kila kichaka. Miguu ilikufa ganzi, nikatembea kidogo, nikakimbia tena, nikarudi stendi nimejaa chumvi usoni.

Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi la mama ntilie, karibu na baiskeli yangu. Hakujificha. Alinisogezea maji, nikanywa yote kabla ya kumwuliza ameona nini.

"Nimeuliza stendi nzima," alisema. "Huna mtu hapa, wifi."

"Niliwaambia."

Kisha akaanza kulia, pole pole, akifuta machozi kwa ile kanga.

"Kaka ana mke Manzese, na mtoto. Huyo mwanamke hataki ukewenza. Mama alitaka kosa liwe lako."

Tulirudi kwa basi la jioni, baiskeli juu. Wifi aliniomba msamaha njia nzima. Mimi nilikuwa nimemsamehe tangu Handeni, ila akili yangu ilikuwa Manzese. Nilikuwa nahesabu nyuma zile safari zote mume wangu alizoahidi kuja nyumbani asije, kila "mzigo umechelewa bandarini," na nilivyokuwa nikimwekea chakula chake pembeni.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alimtazama binti yake kwanza, binti akainamisha kichwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Nikamwambia Handeni sikumwona mtu. Kisha nikamwuliza mtoto wa Manzese hajambo.

Hakushtuka wala hakuuliza nani kaniambia. Kwao jina la bibi hupewa binti wa kwanza wa mwanawe, na nilikuwa nimelisubiri jina lile miaka yote ya ndoa yangu.

"Hajambo," alisema. "Nimempa jina langu."

Akasogea kunipisha. Nikaingia chumbani, nikakusanya nguo zangu, nikatoka nikazifunga kwa kamba kwenye keria ya baiskeli. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa mama yangu.