Mistari Juu ya Bloku

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Fridley, kaskazini mwa Minneapolis, sikupewa spana. Nilipewa tochi, brashi ya waya na kipande cha chaki. Nilikuwa nimefunga tai. Stashahada yangu ya Ufundi wa Magari, daraja la kwanza, ilikuwa kwapani ndani ya bahasha ya nailoni ili theluji isiiharibu. Vijana wanaokuja leo kwenye karakana yangu hapa Mafinga hudhani safari yangu ilianza na bahati. Ilianza na cheti.

Mkuu wa Gereji alikuwa mzee mrefu ambaye babu zake walitoka Norwei, na maneno aliyatumia kama watu wanavyotumia mafuta ya taa wakati wa uhaba. Alikitazama cheti, akakirudisha.

"Kizuri," akasema. "Unajua kusoma?"

Nikamweleza kwamba nilisoma chuo miaka mitatu na nilimaliza wa pili darasani.

"Sijauliza hilo. Soma hii." Akanionyesha injini iliyolala juu ya kitoroli cha mbao, nyeusi kwa grisi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kazi niliyoiomba haikuwa ya kufunga nati. Ilikuwa ya mtafuta vipuri, na alinipa kwa majaribio. "Una muda mpaka barafu ya ziwa lile pale nje iyeyuke," aliniambia. "Ukiweza, utabaki. Usipoweza, tutaagana vizuri." Kuagana vizuri maana yake ningerudi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwalisha, kazi niliyokuwa nikiifanya pamoja na Mutiso, Mkenya tuliyepanga naye nyumba Saint Louis Park. Ni kazi ya heshima, na niliimudu vizuri kuliko wengi, lakini sikuisomea.

Gereji yetu ilishughulikia magari ambayo Wamarekani huyaita ya misuli. Zamani viwanda vilichukua bodi ya kawaida ya milango miwili, vikaitia injini kubwa ya silinda nane zilizopangwa pande mbili, gari likawa na nguvu kuliko akili. Waliolipenda wakiwa vijana sasa walikuwa na mvi na walilitaka tena, lile lile, na kila kipuri chake cha asili. Hapo ndipo penye ugumu. Minnesota humwaga chumvi barabarani msimu wote wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma kama mchwa anavyokula boriti. Milango, sakafu ya gari, chesesi, vyote huoza. Kipuri kizima huwa kimejificha mahali fulani pakavu, na mtu lazima akitafute.

Nilitafuta katika gazeti la matangazo lililotoka kila Alhamisi, katika yadi za skrepa, na kwenye magulio ya vipuri ambako watu hutandika kabureta na bampa chini kama kina mama wanavyotandika nyanya. Kwanza nilijifunza kusoma. Bloku, yaani kile chuma kikubwa kinachobeba silinda, ina namba za aina mbili. Za kusubu huinuka juu ya chuma, kwa sababu zilitoka kwenye kalibu, nazo husema ni bloku ya aina gani na ilimiminwa siku ipi. Kipuri lazima kiwe kimezaliwa kabla ya gari. Kikiwa na siku ya baadaye, ni cha gari jingine. Namba za kugonga huzama. Fundi wa kiwandani alizigonga kwa nyundo kwenye ubapa mdogo ulio mbele, na zinafanana na namba ya chesesi. Zikilingana, injini na gari vilioana kiwandani. Mimi niliyaelewa hayo kwa wiki moja. Aliyenitangulia, niliambiwa, yalimchukua mwaka.

Mtihani wangu uliletwa na Dereva Mstaafu. Ndivyo tulivyomwita gerejini, kwa kuwa alikuwa ameendesha mabasi ya shule maisha yake yote. Alikaa Apple Valley, upande wa pili wa mto, na alikuja na gari la rangi ya machungwa alilolinunua jipya akiwa kijana, akaliuza alipopata watoto, na sasa alikuwa amelipata tena baada ya kulisaka kwa miaka. Namba ya chesesi ilikuwa yake. Injini haikuwa.

"Nimelirudisha gari," alisema, kofia mkononi, "lakini anayenguruma humo ndani ni mgeni."

Mkuu wa Gereji alikuwa amekwishafuatilia. Mmiliki wa pili aliing'oa injini ya asili na kumuuzia mtu wa kaskazini, mwendo wa saa mbili, aliyeitia kwenye pikapu. Mkuu alikwenda hadi huko na kuikuta pikapu kwenye majani, pua yake tupu. Majirani walisema mwenyewe amefariki, na injini bila shaka ilikwenda skrepa. Basi nikaambiwa nianzie kwenye skrepa.

Hapa nitasema kosa langu, maana mtu hodari haogopi kulisema. Wiki ya tatu, katika yadi moja upande wa Saint Paul, niliikuta bloku ya aina ile ile. Nikapiga brashi, nikapaka chaki kwenye ubapa, namba zikajitokeza nyeupe: zote zililingana na chesesi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Sikumngoja mtu. Nilimpigia simu Dereva Mstaafu pale pale ofisini kwa mwenye yadi, nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mzee, fundi wako Mgaya ameipata."

Bloku ikaletwa Fridley, naye akaja siku iliyofuata na mke wake. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mkuu wa Gereji aliinama juu ya ubapa, akaupitishia kidole gumba.

"Mistari iko wapi?" akaniuliza.

"Mistari gani?"

"Kiwandani walikwangua ubapa huu kwa mashine. Huacha mistari midogo, kama uzi wa kitambaa. Hapa ni laini. Mtu amepiga msasa, halafu akagonga namba alizozitaka."

Ili injini yake ipatikane, gari lile lilikuwa limetangazwa gazetini pamoja na namba yake, na mjanja mmoja alikuwa ameisoma. Dereva Mstaafu hakunilaumu. Aliniambia asante kwa kujaribu, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Watu wa Minnesota wakikasirika huwa wapole zaidi, na upole ule ulinichoma. Mkuu akasema, "Kwanza soma. Simu baadaye." Kisha akatazama nje kuelekea ziwani, nami nikaelewa.

Jumapili ile nilikuwa jikoni nasonga ugali, Mutiso amekaa mezani akinitazama kwa huruma ya uongo.

"Bwana Mgaya, injini ikienda imeenda. Wakikupa kazi hii, kesho utatumwa kutafuta oili iliyokuwa ndani. Shifti yako kule kwa shosho zetu, wale wazee, nimekuwekea. Wanakuuliza kila siku, Mtanzania wa tai ako wapi."

"Mimi ni fundi mwenye stashahada."

"Na huo ugali una mabonge, fundi." Akachukua unga kidogo kwenye vidole, akaupuliza. "Lakini si makosa yako. Unga wa hawa watu ni poda ya mtoto. Ningekuwa na ile posho mill ya mjomba, ile anaendesha na injini ya lori, ungeona unga."

Mwiko ukasimama mkononi mwangu.

Nilizaliwa kwenye nchi ya misitu ya misonobari. Huku kwetu lori likifa, injini yake haizikwi. Inafungwa kwenye magogo, inavishwa mkanda, inazungusha msumeno au inasaga mahindi kwa miaka ishirini mingine. Mkuu wa Gereji na wenzake walikuwa wameitafuta injini ndani ya magari, kwa sababu kwao injini bila gari ni maiti. Hakuna aliyeuliza imehamishiwa kazi gani.

"Ugali unaungua," alisema Mutiso.

Jumatatu niliomba gari la gereji nikaenda kaskazini. Ile pikapu ilikuwa bado kwenye majani, ila nilipita bila kusimama. Niliingia kwenye duka dogo la chambo cha samaki na kahawa, nikauliza swali moja: "Nani hapa anapasua mbao?" Mwenye duka akanielekeza kwa dada wa yule marehemu mwenye pikapu, mjane, maili mbili mbele.

Mama yule alinikaribisha kahawa na keki, nikakubali mara moja. Akacheka. "Watu wa huku hukataa mara mbili kwanza."

"Kwetu, mama, mgeni akikataa, mwenye nyumba anabaki na wasiwasi."

Tulizungumza juu ya magoti yake, mbwa wake na mumewe, aliyefariki miaka mitano nyuma. Sikuuliza kitu. Alipomaliza kunimiminia kikombe cha pili, mwenyewe akasema, "Hukuja kwa ajili ya keki." Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa bloku ya uongo. Akavaa koti, akanipeleka bandani.

Ilikuwa pale, imefungwa juu ya magogo, mkanda ukielekea kwenye msumeno wa duara. Grisi na unga wa mbao vilikuwa vimeifunika kama blanketi, na blanketi lile ndilo lililoikinga na kutu. Nikapiga brashi polepole. Nikapaka chaki. Namba zililingana. Halafu nikafanya nilichokuwa sijafanya mara ya kwanza: nikalaza tochi ubavuni mwa chuma ili mwanga upite juu yake. Mistari ilikuwepo, midogo, imenyooka, kama uzi wa kitambaa.

Sikumpigia mtu simu. Nilirudi Fridley, nikamwambia Mkuu, "Njoo usome."

Kule bandani alisoma kwa muda mrefu, kisha akamtajia mama bei nzuri. Mama akatikisa kichwa. "Pesa hazipasui mbao. Kaka yangu aliileta na mume wangu akaifunga. Inanipa kuni na inawapa majirani mbao. Na nikiisikia, nasikia asubuhi zetu."

Mkuu alikuwa ameanza kuvaa glavu za kuondokea. Mimi nikamwomba mama ruhusa ya kusema. Nilimwambia tutamletea injini nyingine ya ukoo ule ule, nzima, na nitaifunga mimi mwenyewe, na msumeno wake hautalala hata siku moja. Kuhusu sauti, sikuwa na kipuri cha kumpa. Nilimwambia hivyo hivyo. Alifikiri sana. "Huyo mzee," akauliza, "aliipenda?" Nikamweleza lile neno la mgeni anayenguruma. Akasema tuilete hiyo nyingine.

Mafundi wa Fridley, kwa ustadi wao wote, hawakujua kupanga puli na mkanda wa msumeno. Mkanda uliruka mara tatu. Nikawaomba wasogee. Nilinyoosha kamba kutoka puli hadi puli, kama walivyofanya kina baba zangu, nikapiga kabari, na ubao wa kwanza ukapita umenyooka. Mama alisikiliza injini mpya akiwa amekunja mikono. Alinipa ule ubao.

Siku gari lilipowashwa, barafu ilikuwa imebaki vipande katikati ya ziwa. Dereva Mstaafu alikaa nyuma ya usukani, macho ameyafumba, akaiacha ingurume. Kisha akaniuliza njia ya kwenda kwa yule mama. Tukaenda wote. Mama alitoka barazani kabla hatujaonekana, maana alikuwa ameisikia tangu kwenye kona. Mzee akamfungulia mlango wa abiria. Walizunguka barabara ya shamba mara nne, na sisi tukasimama na Mkuu wa Gereji tukisikiliza ikienda na kurudi.

"Si mbaya," alisema Mkuu. Kwa watu wa kule hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Nilifanya kazi kwake mpaka nilipoamua mwenyewe kurudi nyumbani, na sikuisikia tena zaidi ya mara mbili.

Sasa nimestaafu, karakana nimewaachia wanangu, na mtu akipoteza kipuri kuanzia Makambako hadi Iringa huniuliza mimi. Stashahada imetundikwa ukutani kwenye fremu niliyoitengeneza kwa ubao wa yule mama. Seremala alitaka kuupiga randa nikamkataza, na mistari ya msumeno ipo yote. Wageni wakija husoma cheti. Mimi husoma mbao.