Mke Mwenza wa Mama Pini

Mama Pini, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomoni hakukosi pini, alikuwa fundi cherehani, na mke mwenza wake alikuwa kompyuta. Msicheke. Wivu hauulizi kama mwenzio ana damu au ana nyaya.

Ya kwanza mumewe, fundi wa televisheni, aliipata kwa mteja aliyekuwa anahama. Kibodi nene tu, kompyuta yote imo humo ndani, kioo haina. Ikachukua televisheni ya sebuleni ili ipate pa kuonyesha maandishi, kisha ikachukua redio kaseti ya Mama Pini, maana programu zake zilikaa kwenye kanda na kuingia zikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Zamani, wakishakula, mume alikaa karibu na cherehani wakapiga soga, mke akishona pindo za sketi za watu. Sasa Mama Pini alizungumza na mgongo, na mgongo ukajibu, "Mm."

Ikaja ya pili, yenye kioo chake cha kijani, mashine ya kuchapia karatasi na disketi pana za kuhifadhia kazi.

"Hii haihitaji televisheni yako tena," mume akamwambia kwa furaha, kana kwamba televisheni ndiyo iliyokuwa ikimuuma.

Wifi yake alipokuja kupimwa gauni, hakuacha utani. "Wifi, wenzio wanasumbuliwa na wanawake wenye midomo. Wako hata mdomo hana!"

"Mwenye mdomo ningemjibu. Huyu nitamwambia nini?"

Mume alikuwa akiiandikia kompyuta hiyo mchezo wa golikipa, kazi ya miezi mingi. Jioni moja Mama Pini alimkuta anaipangusa kioo kwa kitambaa laini, tena anaibembeleza, "Taratibu, mama, taratibu." Damu ikamchemka. Yeye mara ya mwisho kuitwa hivyo hakuikumbuka.

Kesho yake, mume akiwa kazini, alichukua sumaku yake ya kuokotea pini akaipitisha juu ya disketi zote. Alikuwa ameonywa mara nyingi asiisogeze pale, maana sumaku hufuta kila kilichomo kwenye disketi, kwa hiyo alijua vizuri anachofanya.

Mume aliporudi, disketi hazikusomeka hata moja. Alilaumu joto, akalaumu vumbi, akashika kichwa. Mama Pini alimwonea huruma, ila si sana. Kisha mume akakumbuka kwamba maandishi yote ya mchezo aliwahi kuyachapa kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni.

"Mke wangu, siwezi kutazama karatasi na kioo kwa pamoja. Nisomee, mimi niandike."

Basi kila jioni Mama Pini akawa anasoma mstari kwa mstari, namba na vialama asivyovielewa. Katikati mume alimmiminia chai, akamuuliza habari za wateja, akacheka mpaka akafuta machozi. Mama Pini alifurahi kama mwari.

Lakini karatasi zikaanza kuisha, na moyo wake ukaanza kudidimia. Kwenye ukurasa wa mwisho, palipochapwa moja, akasoma saba.

Mchezo ulipowashwa, golikipa alisimama tu, mipira ikimpita.

"Kuna kosa mahali," mume akasema kwa unyonge. "Itabidi tupitie yote tangu mwanzo. Umechoka?"

"Nimechoka wapi!" akasema Mama Pini, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.