Kaktasi ya Osmund

Lori lilipoacha baridi ya Njombe na kuanza kuteremka kuelekea Songea, Violeth alikuwa amevaa masweta mawili ya mitumba, yote kutoka kwenye robota lake, na bado anatetemeka. Alishauza nguo Tanga, Mwanza na Tunduma, ila Songea hakuijua. Alikuwa na jina la mtaa tu, Mfaranyaki, na la mama aliyekuwa akimwachia chumba, Emerensiana.

Alimkuta uani, amechuchumaa mbele ya kopo la mafuta ya kupikia lililoliwa na kutu. Ndani yake ulisimama mmea mnene wenye miiba mwili mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tua mzigo, unishikie huyu. Hana adabu, anachoma hata wageni."

Kaktasi hiyo aliileta marehemu mumewe, Osmund, kutoka bustani ya misheni alikofanya kazi. Zilikuwa mbili. Osmund alikulia kwenye tumbaku, na mche wa tumbaku ukihamishwa hupewa maji papo hapo. Akaihamisha ya kwanza, akaimwagia maji, ikaoza. Hii iliyobaki ndiyo Emerensiana alitaka kwenda nayo Mbesa, huko Tunduru, kwa binti yake muuguzi, na kopo lile lisingefika.

Violeth alikunja gazeti likawa mkanda, akauzungushia mmea na kuushika. Emerensiana akakata kopo kwa mkasi wa bati, akapukutisha udongo wa zamani kwa vidole, polepole, kama anayefumua nywele za mtoto mlizi. Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, maduka ya mtaani yalijaa mabeseni ya plastiki. Alikuwa ametoboa moja kwa msumari wa moto. Akatia mchanga wa mtoni, udongo kidogo na mkaa uliopondwa, vyote vikavu.

"Sasa maji?"

"Wewe na Osmund mngepatana sana. Mizizi ina vidonda, ikauke kwanza. Wiki nzima asionje tone."

Asubuhi ya safari walikuta beseni linachuruzika. Pembeni alisimama jirani, Getruda, na jagi lake, amefurahi.

"Dada, nimekunyweshea mche. Kwa haraka zako hizi ungeusahau."

Emerensiana alitazama tope. Yeye na Getruda walipanda tumbaku pamoja tangu usichana wao.

"Ahsante, mwenzangu," akasema, kisha akachuchumaa. "Violeth, gazeti."

"Unaung'oa tena? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umempenda kama tumbaku."

Akauchomoa, akaifuta mizizi kwa pindo la kitenge, akaufunga mtupu kwenye gazeti kavu. "Atasafiri bila udongo. Yeye anaweza. Mimi ndiye siwezi bila chai."

Ubavuni pa mmea palikuwa na chipukizi kama yai la njiwa. Akalibandua, akaliweka kiganjani mwa Getruda. "Huyu wako. Kidonda kikauke kivulini, ndipo umpande. Ukimmwagia, nitajua nikiwa Mbesa."

Kwenye lori la Tunduru Emerensiana alikaa mbele, furushi mapajani chini ya kitenge. Utingo akachungulia.

"Bibi, mtoto ana umri gani?"

"Amekuzidi. Usimguse."

Lori likaondoka. Getruda alibaki amesimama barabarani, chipukizi mkono mmoja, jagi mkono mwingine, akivitazama kwa zamu. Violeth akalichukua jagi mkononi mwake, taratibu, wakarudi nyumbani.