Siku Kariakoo Waliposindikiza Kabati

Nacheka sasa, lakini siku ile ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe na kujifukia. Mimi ni mpakiaji kwenye ghala la vifurushi Kariakoo, na ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kazini baada ya kumzika mama, kofia kichwani, uso umeninyong'onyea, msimamizi wetu Mwakalinga akanikabidhi kabati la vioo la kuuzia vitumbua, refu, ndani ya boksi, liende Songea. Trela lilishindwa kuingia mtaani kwetu, likasimama barabara kubwa.

"Gari likiondoka bila hilo," akasema, "na wewe kesho usije."

Kwenye mkokoteni vioo vingevunjika kwa mashimo, kwa hiyo tukalibeba mabegani watu wanne. Manyunyu yakaanza. Boksi lisilowe, nikachukua pazia la kijani lililokuwa ghalani nikalifunika. (Pazia tu, jamani. Sikuwaza kitu.)

Hatujafika mbali, wauza viatu wakanyamaza. Mama muuza juisi akazima spika yake. Ile njia ambayo hata paka hapiti bila kusukumwa ikafunguka yenyewe, nami nikashukuru kimoyomoyo, nikainamisha kichwa, nikaongeza mwendo, wala sikujiuliza kwa nini. Mara nikaguswa bega.

"Pumzika, ndugu yangu," akasema mtu nisiyemjua, akaingiza bega lake. Akaja mwingine, na mwingine (mnajua wenyewe, jeneza likipita kila mtu anataka alibebe japo hatua chache), mpaka sisi wapakiaji wote tukawa tunafuata nyuma mikono mitupu, na kwenye kona msafara, badala ya kushika kushoto kwenye trela, ukashika kulia kwenda msikitini.

Dereva anapiga honi. Nikakimbia mbele kwa mzee aliyekuwa anaongoza.

"Shikamoo mzee, naomba tusimame."

"Marahaba. Jikaze, mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa."

"Ni safari ya Songea, mzee. Gari lile pale."

"Ahaa, mnasafirisha! Gari lipi?"

Nikamwonyesha trela. Akatazama, akaona magunia ya mitumba na magodoro hadi juu.

"Mnamrundika marehemu na magodoro? Hamna haya?"

Watu wakaguna. Kijana mmoja akauliza mwenye gari yuko wapi apewe haki yake. Nikaona hili halina njia nyingine.

"Mzee, hakuna marehemu. Hili ni kabati."

"Kabati?"

"La vioo. La vitumbua."

Nikavuta pazia. Nyuma huko nikamsikia mama wa juisi, kumbe naye kafuata, "Yaani nimezima muziki kwa ajili ya kabati!"

"Na mimi nimeliombea maghufira mtaa mzima," akasema mzee, halafu mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikaenea mpaka waliobeba ikabidi waambiwe washike vizuri. "Geuzeni," akaamuru. "Tumeshalibeba, tulifikishe."

Wakalifikisha, wakalipakia wenyewe, vioo vyote vizima, na Mwakalinga mlangoni mwa trela amebaki mdomo wazi: "Hawa vibarua umewatoa wapi?" Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na tangu msibani hayakuwa yamenitoka kwa kicheko.

Siku hizi nikibeba kitu kirefu natangulia nikipiga kelele, "Zulia hilo! Ni zulia tu!" Njia haifunguki hata kidogo, nasukumwa, natukanwa, nafika nimechelewa. Afadhali hivyo.